Chanjo ya Kiti cha Kwanza

Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu Muuguzi,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na wote wanaohusika, yaani mimi, natangaza rasmi kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita kiti changu cha kunyolea kimegeuzwa. Zamani kilitazama barabara. Sasa kinatazama ukuta. Wateja wanauliza kulikoni, nawaambia ni mambo ya mwanga. Mstaafu, yule anayekuja kila siku kusoma gazeti letu na kunyolewa mara moja kwa mwezi, akasema yeye tangu azaliwe hajaona mwanga ukitoka ukutani. Nikamwambia alikuwa karani wa bohari, mambo ya mwanga aniachie mimi.

Habari nyingine ni ndogondogo. Kinyozi mwenzangu, Kiti cha Pili, amelazwa. Alianza kwa kuchoka, tukamcheka. Akakataa chakula, tukamcheka. Halafu macho yakawa manjano kama kiini cha yai, tukaacha kucheka. Hospitali wamesema ni homa ya ini, ile inayotembea kwa damu. Miaka yote tumesimama bega kwa bega, yeye kushoto, mimi kulia. Sasa nikinyoosha mkono kuomba mkasi, mkono unarudi mtupu.

Kwa sababu hiyo bwana afya amepita duka kwa duka. Anasema vinyozi wote wa mtaa huu, kwa kuwa tunashinda na nyembe na vichwa vya watu, tutachanjwa kwenye ukumbi wa soko mwisho wa mwezi, na yeyote anayeshinda dukani kwetu anakaribishwa. Wamebandika tangazo kubwa ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na mlango wetu. Lina picha. Sina haja ya kuieleza.

Mimi sipingi, nauliza tu. Mtu aliyejikata vidole tangu ujana wake, akiguswa na damu za shingo za watu wanaopiga chafya wembe ukiwa kooni, je, huyo hajachanjwa tayari, kwa rejareja? Nataka jibu la kitaalamu, kwa maandishi. Kwenye simu unacheka.

Kaka yako,
Kinyozi, Kiti cha Kwanza


Tarehe 9 Mei

Kaka,

Nilicheka mpaka nilipofika kwenye neno manjano. Mpe pole nyingi Kiti cha Pili, na umwambie wengi hupona, lakini apumzike kweli, si kupumzika kwa kinyozi, ambako ni kuketi huku mdomo ukifanya kazi.

Sasa jibu. Hakuna chanjo ya rejareja. Kujikata kwa wembe wenye damu ya mgonjwa ni kumfungulia mwizi mlango ili umjue sura. Sura utaijua, ila utakuwa unaitazama ukiwa umekaa kwenye nyumba tupu.

Kirusi si mdudu, kaka, usimfikirie chawa. Chawa angalau ana maisha yake. Kirusi hakili, hakinywi, hakilali, na kikiwa peke yake hata kuzaa hakiwezi. Ni maagizo matupu yaliyovaa koti. Kikiingia kwenye ini, kinaiambia chembe ya ini: acha kazi yako, nitengeneze mimi. Chembe nayo, kama mfanyakazi asiyeuliza bosi huyu katoka wapi, inatengeneza virusi vingine, na vingine. Na hiki cha kwenu kina subira mbaya: kinaweza kukaa siku kadhaa kwenye damu iliyokauka, juu ya wembe unaong'aa, kikimngoja mtu ajikate.

Chanjo je? Wewe watu huwajui kwa nyuso, unawajua kwa visogo. Nakumbuka ulivyomshika bega mgeni sokoni, amekupa mgongo, ukamwuliza ni kinyozi gani amemfanyia unyama huu. Basi walinzi walio ndani ya mwili wako nao ni vinyozi: wanakariri visogo. Chanjo hii ni kisogo kisicho na mtu, kipande cha koti la kirusi bila kirusi mwenyewe. Hakiwezi kuzaa, hakiwezi kuuguza. Walinzi wanakizunguka, wanakikariri, wanachonga pingu za saizi yake. Siku mwenye kisogo akija mwenyewe, anakamatwa kabla hajaliona ini. Mwili ni mwanafunzi mzito kidogo, kwa hiyo somo hurudiwa. Lakini ukishika, umeshika. Ila somo hili husomwa kabla mwizi hajaingia. Akishaingia ni habari nyingine.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nadhani methali hii ilitungwa dukani kwenu.

Mwanga wa ukutani ukoje?

Mdogo wako,
Muuguzi


Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mbele ya benchi la wanaoshinda dukani. Ile habari ya kisogo kisicho na mtu imewakamata wote. Sikutaja kuwa imetoka kwako, ili wasidhani ninaringia ndugu. Mstaafu aliweka gazeti chini, jambo ambalo halijawahi kutokea, kisha akasema: "Kinyozi, leo umenena. Ukienda wewe kuchanjwa, mimi niko nyuma yako." Kiti cha Tatu, ambaye hufuata upepo wa mwisho aliousikia, naye akasema yuko nyuma ya Mstaafu. Benchi zima sasa liko nyuma yangu. Sikujua kuwa na watu nyuma kunaweza kumbana mtu hivi.

Nina maswali madogo ya ziada. Kwanza, mwanamume wa makamo yangu, damu yake si nzito mno kwa mambo haya? Pili, nimesikia kwamba mwezi ukiwa mkubwa dawa hazikai. Tatu, si vyema mimi nibaki bila chanjo, ili tuwe na mtu mmoja wa kulinganishia? Sayansi hupenda kulinganisha.

Nne, na hili si langu, ni la mteja wangu mmoja ambaye hangependa atajwe. Anauliza kama chanjo hii inapatikana kwa kunywa. Au kunusa. Au kupaka, kama mafuta. Na kama haipatikani, kile kifaa wanachotumia kina urefu gani, na je, chote huingia, au ni ncha tu? Ni mtu mzima, ana familia, anaheshimika sana mtaani.

Kiti cha Pili ameruhusiwa kurudi nyumbani. Nilikwenda kumnyoa. Mkewe alikuwa ameita kinyozi wa mtaa wa pili. Nikamwambia ndevu zile zina mwenyewe.

Kaka yako,
Kiti cha Kwanza


Tarehe 21 Mei

Kaka,

Damu yako si nzito, kichwa ndicho kizito. Mwezi hauna habari na dawa. Dawa zinajali jokofu tu. Na mtu wa kulinganishia tunaye tayari, amelala kwake na macho ya manjano.

Kuhusu mteja wako: zipo chanjo za matone, mtoto anafumbua kinywa na kazi imekwisha, lakini hii si mojawapo. Hii ni sindano ya begani. Mwambie asione haya. Juzi nilimchanja askari mwenye mabega kama kabati. Aliniamuru nihesabu mpaka tatu, na kwenye mbili akawa yuko sakafuni. Tulimpa maji, akaamka, akachanjwa, akasaluti. Mteja wako aje tu, amwambie mchanjaji kwamba anaogopa. Wanaosema hutunzwa. Wanaonyamaza ndio huanguka na meza.

Tena kaka, ukimnyoa Kiti cha Pili, vaa glavu, wembe wake uwe wake, na ukimaliza uutupe mahali ambapo mkono wa mtu hauingii. Najua mnapendana. Kirusi hakijui.

Umesema mengi, hukusema siku utakayokwenda.

Mdogo wako,
Muuguzi


Tarehe 29 Mei

Mdogo wangu,

Nimechanjwa.

Jana, ukumbi wa soko, mkono wa kushoto. Sikusikia chochote. Sina zaidi la kueleza, kwa kuwa mambo makubwa hayana maneno mengi.

Nilipotoka na pamba yangu begani, benchi zima lilikuwa linanisubiri dukani. Wakatazama pamba. Wakatazamana. Mstaafu akakunja gazeti, akasema: "Haya, twendeni." Wakaenda wote, Kiti cha Tatu mbele, na muuza viatu wa kona, na fundi redio, hata yule mzee anayeuza mbolea ya kinyesi cha njiwa, anayeketi kwetu kwa sababu kuna kivuli. Bwana afya alikuja mwenyewe jioni kunishika mkono. Nilimpa wa kulia.

Mteja yule bado anafikiri.

Kaka yako,
Kiti cha Kwanza (amechanjwa)


Tarehe 31 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu ni vyumba viwili na ukuta wa mbao. Ukinong'ona huku, kule wanaitikia. Kaa chini usome.

Kaka yako hajachanjwa.

Alhamisi aliingia ndani amevimba kama bwana harusi, pamba imebandikwa mkono wa kushoto kwa plasta. Nikampa chai, nikampa na sifa. Ijumaa akatoka kuoga, pamba iko mkono wa kulia. Wifi, nimeona mambo mengi, lakini pamba inayohama sijaiona. Nikampa chai nyingine. Jumamosi nikamwita nimpime mikono ya shati jipya. Akavua la zamani. Nikatazama bega la kushoto, nikatazama la kulia. Mimi ni mshonaji. Najua tundu la sindano linavyokaa kwenye kitambaa, na najua kitambaa ambacho hakijaguswa. Yule yuko kama alivyotoka kiwandani. Na plasta yenyewe ni ile ya dukani kwake, ya kuwaziba wateja anaowakata.

Hapo ndipo kila kitu kilipopangika kichwani mwangu. Kumbe tangazo lililobandikwa mbele ya duka lao lina picha ya sindano kubwa kama mwiko, na ndiyo maana kiti kikageuka. Mwanga gani! Tangu anioe, hajawahi kuingia chumba cha cherehani bila kukohoa mlangoni. Miaka yote nimewaambia wanawake wenzangu, mume wangu ana heshima. Kumbe ananipa nafasi ya kutoa sindano mdomoni! Mtu anashika wembe na koo la mwenzake, anasimulia vichekesho, na anaogopa kitu ambacho mimi nakibeba kati ya meno.

Ningecheka, wifi, na nimecheka, nililaza uso kwenye marobota ya kitambaa asinisikie. Lakini kila Jumapili anakwenda kumnyoa Kiti cha Pili. Damu iko pale, wembe uko pale, na mikono yake naijua, ikianza kusimulia hadithi haitazami. Benchi zima limekingwa kwa kumfuata yeye, yeye mwenyewe yuko nje ya zizi. Nikimwambia najua, ataona haya, ataapa, na akishaapa hatarudi nyuma hata umvute kwa winchi. Nifanyeje?

Wifi yako,
wa cherehani


Tarehe 5 Juni

Wifi,

Kinyozi hajinyoi, na huyu wetu hata maji hajatia.

Nami nimegundua jambo. Nilipokuwa mdogo ni yeye aliyenipeleka kliniki kwa chanjo za shule. Alikuwa ananiingiza mlangoni, kisha anasubiri nje, mbali, chini ya ukuta, amegeuka. Nilijivunia kaka mwenye adabu, asiyetaka kuniona nikilia. Wewe ulipewa heshima, mimi nikapewa adabu. Tumegawana urithi.

Usimwambie kitu. Mtu akikamatwa anaogopa mara mbili, sindano na aibu. Mimi nimekosea pia: nilimwona yule mteja wake wa heshima nikamjibu kama mteja. Sasa tutaendelea hivyohivyo, tumhudumie mteja. Somo linarudiwa mwisho wa mwezi huu, benchi lote litatakiwa kurudi ukumbini, na kiongozi hatangulii kwa barua. Wewe ongea na mchanjaji kando, amwandike kwa ukweli wake, kuwa hajaanza.

Mpaka siku hiyo mfichie wembe wa Jumapili. Ukishindwa, mfichie glavu mfukoni mwa koti, mbili mbili, atadhani amezaliwa nazo.

Wifi yako,
Muuguzi


Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia bila tangazo.

Jana nilikwenda kwa Kiti cha Pili. Macho yanarudi kuwa meupe, ameanza kula na kulalamika, dalili zote njema. Nilivaa glavu, sijui zinatoka wapi, kila mfuko wangu siku hizi una glavu. Nilikuwa nimefika chini ya kidevu, ninamsimulia habari za Mstaafu, akacheka, kichwa kikaruka. Nikamkata. Kidogo tu, tone moja. Wembe ukateleza ukapita kwenye kidole gumba changu, ukachana glavu, ukaishia kwenye kucha. Kucha tu. Niliitazama ile kucha kama hati ya nyumba.

Mwenyewe alijifuta kidevu, akanitazama. Akasema: "Wewe si umechanjwa? Mbona umepauka hivyo?"

Nikasema joto. Akasema dirisha liko wazi. Nikanawa mikono mpaka mkewe akauliza sabuni imenikosea nini.

Sasa kuna suala la mteja wangu yule. Amebadilika. Anauliza: mtu ambaye siku ya kwanza ilimpita, kwa sababu zake binafsi, anaweza kuingia pamoja na wenzake watakaporudi? Au atazuiliwa mlangoni mbele ya watu? Hataki kusimamishwa akisemwa. Na anauliza kama kweli yule askari alianguka, au ulimtunga.

Kaka yako


Tarehe 19 Juni

Kaka,

Askari hakutungwa. Ana watoto wanne na amri ya kutisha.

Mwambie mteja wako mlango hauna kufuli. Aingie na wenzake, akae, na mchanjaji ataanza naye pale alipo. Hakuna atakayemsomea historia mbele ya watu. Mwambie pia mtu asiyeogopa kitu bado hajakutana na cha kumtisha. Wewe kwa mfano huogopi wembe, na wateja wako wote wanaushikia pumzi.

Kucha hiyo nimeishukuru. Lakini kucha ni nyembamba, kaka. Mkague mteja wako asiwe amekatwa mahali pengine, na kama amekatwa aende hospitali siku hiyohiyo, asiniandikie barua.

Mdogo wako,
Muuguzi


Tarehe 27 Juni

Wifi,

Nimeacha magauni matatu ya watu mezani ili nikuandikie kabla utamu haujapoa.

Asubuhi alivaa shati jipya. Akalivua. Akavaa lenye mikono mifupi. Akalivua, akavaa la mikono mirefu lenye vifungo vigumu. Nikamwambia: "Baba, hilo halikunjiki." Akasema: "Ndiyo maana nalipenda." Nikampa la mikono mifupi, nikamfunga vifungo mwenyewe kama mtoto wa shule.

Ukumbini benchi lote limeshafika. Limempangia foleni, yeye wa kwanza. Mstaafu anatangaza: "Mpisheni mkubwa, mpisheni!" Nami nimetangulia kwa mchanjaji, mama mmoja mwenye sauti ya chini, nikamnong'oneza sikioni habari zote. Hakucheka. Aliitikia kwa kichwa tu, akaandika anachokijua yeye.

Mume wangu akaketi. Akafumba macho. Mchanjaji akachovya pamba kwenye spiriti, akampangusa bega.

"Ah!" akasema kaka yako. "Imeingia!" Akateremka kwenye kiti polepole, kama shuka linalodondoka kwenye kamba.

Benchi zima likainama kumtazama, wifi. Kisha Mstaafu: "Ile ilikuwa pamba."

Kiti cha Tatu akampepea kwa gazeti. Akafumbua jicho moja, akauliza: "Nimemaliza?" Mchanjaji akamwambia: "Bado, baba. Nilikuwa nafuta." Nikaona midomo ya benchi zima imeanza kutetemeka, nikajua hapa ama wacheke na tumempoteza, ama itokee kitu. Yeye amekaa sakafuni, haamki, ananitafuta mimi kwa macho.

Ndipo akaja Kiti cha Pili. Alikuwa ameketi nyuma na fimbo yake, amekuja kutazama tu, amekonda shati linamvaa yeye. Akapita katikati ya watu, akamshika mume wangu kwapani, akamwinua. "Mnamkalisha vibaya," akamwambia mchanjaji. "Huyu mgeuze. Umewahi kuona kinyozi akikaa uso kwa uso na mteja?"

Akakigeuza kiti, kikatazama ukuta. Akatoa kitambaa chao cha kunyolea mfukoni, alikuja nacho wifi, akakikung'uta, akamfunga shingoni. Akasimama nyuma yake. "Haya mkubwa. Tunyoe vipi leo?"

Kaka yako kasikia swali hilo, mgongo ukanyooka wenyewe. "Kwanza," akasema, "usinishushe pembeni. Wewe pembeni huwa unashusha kama unafyeka shamba. Na mashine umeipangusa? Siku ile uliniacha na mstari hapa nyuma, watu wakadhani nimevaa kofia ya..."

"Tayari," akasema mchanjaji.

"Tayari nini?" akasema kaka yako.

Hapo ndipo walipocheka, naye akacheka nao, ndipo nikajua limekwisha. Kiti cha Pili peke yake hakucheka. Alimfungua kitambaa, akakikung'uta ingawa hakukuwa na unywele, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu: "Sasa Jumapili njoo uninyoe nikuangalie bila wasiwasi."

Nimelia kidogo. Usimwambie.

Wifi yako,
wa cherehani


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu Muuguzi,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwa ukoo mzima, walio karibu na walio mbali, kwamba kiti changu cha kunyolea kimerudishwa kutazama barabara. Mwanga wa ukutani ulikuwa na kasoro zake.

Tangazo lile la ng'ambo bado liko. Nimelitazama asubuhi yote. Ni picha ya sindano. Naliandika neno hilo bila kutetemeka, utauona mwandiko. Sindano. Mchoraji aliikuza mno. Ya kweli ni kitu kidogo, cha kawaida, sijui watu wanaogopa nini. Leo nimemfafanulia muuza viatu jinsi ya kukaa, jinsi ya kupumua, jinsi ya kumpa mgongo mchanjaji. Mstaafu alikohoa mara kadhaa nikiwa naeleza. Ana vumbi la bohari kifuani, mzee yule.

Huenda umesikia uvumi kwamba ukumbini niliketi sakafuni. Ni kweli. Kulikuwa na joto, na viti vichache.

Kiti cha Pili anarudi kazini wiki ijayo, nusu siku. Nimempangusia kioo chake. Nikinyoosha mkono kuomba mkasi, patakuwa na mtu.

Mteja wangu yule naye amechanjwa, siku ileile, na amefurahi sana. Anakusalimu. Ameniomba nikuambie kwamba yeye na sindano sasa wamemalizana kabisa, maisha yao yote, kila mmoja ashike njia yake.

Kaka yako,
Kinyozi, Kiti cha Kwanza (amechanjwa kwelikweli)


Tarehe 4 Julai

Kaka,

Hongera wewe, hongera mteja wako. Barua yako nimeibandika ukutani kliniki, upande wa ndani, wanaposubiri wanaume. Kiti cha Pili mwambie nina kazi ya kumpa hapa.

Jambo moja tu kwa mteja wako, kwa sababu wenzake wako mbele yake na yeye ndiyo kwanza ameanza.

Mdogo wako,
Muuguzi

Tanbihi: Chanjo hii ni dozi tatu. Zimebaki mbili.